Mwalimu aliyeacha dawa kimya kimya: kisa cha ini na sonona, Kisumu

Mwalimu ana miaka 43. Anafundisha darasa la nne katika shule ya msingi iliyo karibu na Ahero, ana watoto watatu, ni mzee wa kanisa la Wasabato na hajawahi kuonja bia wala chang'aa. Ana homa ya ini aina ya B, ile sugu, na ini lake tayari lina makovu. Alipoletwa kwetu safari hiyo ninayoisimulia, familia ilikuwa imekubaliana kwamba amekata tamaa ya maisha. Faili lake nalo lilikuwa limeandikwa kwa miezi kadhaa kwamba uchovu wake ni wa ini. Familia ilikuwa na sehemu ya ukweli, na faili pia, lakini kila upande ulikuwa umeshika dalili za upande wa pili.

Mimi ni afisa tabibu katika kliniki ya magonjwa ya muda mrefu. Nimebadilisha mambo kadhaa na kuchanganya habari za wagonjwa zaidi ya mmoja, ili anayedhani anamjua mwalimu huyu asimjue. Mambo ya tiba ni kama yalivyo. Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimeona mara nyingi tukilazimishana kuchagua: ama ni ini, ama ni mawazo. Mgonjwa wa ini anaweza kuwa na ubongo uliovurugwa na ini na papo hapo awe na sonona kamili, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na ukitibu kimoja, kingine kinabaki pale pale.

Safari ya ugonjwa

Habari ya homa ya ini aliipata kwa kuchanga damu. Kila chupa ya damu inayochangwa nchini hupimwa HIV, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende. Baada ya wiki chache alipigiwa simu, akaambiwa asichange damu tena na aende hospitali akapimwe ini. Hakuelezwa zaidi ya hapo. Hakuwa na maumivu, alikuwa akiendesha baiskeli kwenda shuleni kila asubuhi, na mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa mlangoni. Hakwenda.

Karibu miaka miwili baadaye suruali zikaanza kumkataa kiunoni huku mabega yakiisha. Miguu ikavimba. Picha ya tumbo ilionyesha ini lililosinyaa lenye makovu, wengu mkubwa na maji tumboni. Akapelekwa mjini, akaingizwa kamera kooni, mishipa iliyovimba kwenye umio ikafungwa kwa mipira kabla haijapasuka. Akarudishwa kwetu na dawa zake: tenofoviri ya kuzuia virusi, spironolaktoni na furosemidi za kupunguza maji, propranololi ya kushusha presha kwenye mishipa ile.

Kimwili dawa zilifanya kazi nzuri. Tumbo lilishuka, miguu ikarudi kawaida. Ukisoma faili la miezi iliyofuata utakuta maneno yale yale, mkono baada ya mkono: anaendelea vizuri, uchovu kiasi, aendelee na dawa. Hakuna aliyeandika uongo. Kliniki ya Jumanne huwa na watu wanaopanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, na mgonjwa ambaye tumbo lake limeshuka huonekana ni ushindi.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Mwalimu aliacha kuongoza kwaya, akisema sauti imekwisha. Aliacha kuhudhuria harambee na matanga, jambo ambalo mtu wa kwetu haachi kwa urahisi. Hata Gor Mahia ikicheza Jumapili hakuuliza matokeo. Alihamia chumba cha nje. Mkewe alijaribu kuuliza, akajibiwa "nimechoka tu, mama watoto," na kwa kuwa daktari naye alishasema ni uchovu wa ini, aliamini.

Kisha usingizi ukageuka. Usiku yuko macho akizunguka uani, mchana anasinzia kwenye meza ya walimu. Zahanati moja ya binafsi ikampa diazepamu alale. Baada ya wiki mbili mkewe na shemeji walimleta kwetu kwenye pikipiki, mwalimu akiwa amekaa katikati kwa sababu hangeweza kujishikilia peke yake.

Daftari alilolileta mkewe

Mama alikuja na mfuko wa plastiki, ndani yake mna daftari la maandalio ya somo. Aliliweka mezani kabla sijauliza swali la kwanza. "Daktari, tazama. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaandikisha watoto upya mtu akikosea herufi moja. Sasa hajali hata kazi yake."

Nilifungua nyuma kwenda mbele. Mwanzoni mwa muhula hati ilikuwa ya kupendeza, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula. Pembeni aliorodhesha wanafunzi wa kusaidiwa, na kwetu orodha ya majina ya Kijaluo ni safu ya O na A kutoka juu hadi chini. Zile O za mwanzo zilikuwa duara zilizofungwa vizuri. Katikati ya daftari zilianza kuachwa wazi juu. Kurasa za mwisho zilikuwa na mikia, zinateremka kuvuka mstari, na maneno mengine yalirudiwa mara mbili: "watoto watoto waweze kutaja". Tarehe mbili zilikuwa za mwezi uliokwisha.

Mtu asiyejali kazi huacha kuandika, au huandika kwa mkato. Huyu alikuwa ameandika kila siku, andalio zima, hatua zote. Mkono ndio ulioshindwa.

Nilimwomba anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama anayezuia gari. Viganja vikapigapiga, vinaanguka na kuinuka. Nikamwambia, "Mwalimu, nitajie wanyama wote unaowakumbuka, Kiswahili au Kijaluo, mpaka nikuambie basi." Kwa dakika moja alitaja saba, na ng'ombe alimtaja tena. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala umeme. Kwa mgonjwa wa sirosisi, yaani ini lenye makovu, kutaja chini ya 10 kunatosha kukufanya usimwache aende nyumbani. Nikamuuliza mkewe habari za choo. Hakuwa amekwenda haja kubwa kwa siku nne.

Ini zima huichuja amonia inayotokana na chakula na bakteria wa utumbo. Ini lenye makovu linashindwa, damu nyingine hulipita pembeni bila kuchujwa, na sumu hiyo inafika kwenye ubongo. Mtu anageuza usiku kuwa mchana, anapoteza umakini, anakuwa mzito, anakasirika bila sababu au ananyamaza. Kinachoichochea mara nyingi ni kufunga choo, maambukizi, kutokwa damu tumboni, kupungukiwa maji kwa sababu ya dawa za kukojoa, au dawa za usingizi. Mwalimu alikuwa na viwili kati ya hivyo, na diazepamu kwa ini la aina hii hukaa mwilini muda mrefu kuliko anavyotarajia aliyeiandika.

Tulimlaza. Diazepamu ikasimamishwa, akapewa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, mpaka akaenda choo laini mara mbili tatu kwa siku. Tulipima sukari na malaria, tukavuta maji kidogo ya tumbo kuangalia kama yana maambukizi, hayakuwa nayo. Hakukuwa na dalili ya kutokwa damu. Siku ya tatu alimsahihisha muuguzi aliyetamka vibaya jina la kijiji chake, na mkewe akacheka kwa mara ya kwanza tangu walazwe.

Pale ambapo kisa kingeishia

Wodini kila mtu alifurahi. Shemeji akasema, "Kumbe lilikuwa ini, si mawazo." Ingekuwa rahisi kumwandikia laktulosi na kumpa tarehe ya mwezi ujao. Nilimwomba arudi baada ya wiki mbili, peke yake kwanza, kisha mkewe aingie.

Alirudi akiwa na akili timamu. Wanyama 19 kwa dakika. Mikono haipigipigi. Aliandika sentensi kwenye karatasi niliyompa na O zake zilikuwa zimefungwa. Lakini alikaa akitazama sakafu, akajibu kila swali kwa neno moja, na nilipomuuliza siku hizi ni jambo gani linampa raha, alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri kuhusu wanyama. "Hakuna."

Tukajaza PHQ-9. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 kwenda juu unapaswa kuchunguza sonona kwa makini. Kipimo hiki si kigeni kwetu: kiliwahi kufanyiwa utafiti kwa watu wazima wanaoishi na HIV magharibi mwa Kenya, matokeo yakachapishwa 2009, na kilionekana kufaa. Mwalimu alipata 17.

Hapa ndipo wenzangu wengi hukiondoa kipimo mezani. Hoja yao ina uzito: maswali matano kati ya yale tisa yanahusu usingizi, uchovu, hamu ya kula, umakini, na kuwa mzito au kuhangaika kimwili. Mgonjwa yeyote wa sirosisi anaweza kuokota alama 8 au 9 hapo bila kuwa na huzuni yoyote. Ninakubaliana nao kabisa kuhusu hayo matano. Ndiyo maana huyasoma mengine manne kando: kukosa raha, kuwa na huzuni na kukata tamaa, kujiona umeshindwa na umeiangusha familia, na kuwaza kwamba heri ufe. Ini halimfanyi mtu ajione ameiangusha familia yake. Katika manne hayo mwalimu alipata 9 kati ya 12, na swali la mwisho hakuliacha sifuri.

Swali hilo sipendi liishie kwenye karatasi. Nilimuuliza kwa mdomo. "Mwalimu, kuna siku unaona heri usiamke?"

"Zipo."

"Umewahi kufikiria njia ya kufanya hivyo?"

Alikaa kimya, kisha akatoa kwenye mfuko wa koti bahasha ya kaki ya shule. Ndani mlikuwa na vidonge vya tenofoviri, vingi, vimeganda na kubadilika rangi. "Hizi nilikuwa natoa kwenye kopo nikiambia watu nimemeza. Sikutaka kujitia kitanzi, daktari, mimi ni mtu wa kanisa. Niliona tu niache mambo yaende. Dawa ni pesa. Nikiondoka, pensheni itasomesha watoto. Nikikaa, inaliwa na mimi."

Mtu mwenye homa ya ini ya B akiacha tenofoviri ghafla, virusi vinaweza kuibuka upya kwa nguvu, na kwa aliye na sirosisi mlipuko huo unaweza kumaliza ini lililobaki. Mwalimu alilijua hilo. Tulimwambia sisi wenyewe siku alipoanzishiwa dawa. Aliyaweka maelezo yetu kwenye hesabu zake. Tunapomkuta mgonjwa hamezi dawa huwa tunaandika "si mtiifu", tunamkaripia na kumpa darasa upya kuhusu umuhimu wa dawa. Darasa hilo hilo kwa mtu kama huyu linamthibitishia kwamba njia aliyoichagua inafanya kazi.

Yaliyomlemea

Tulikaa saa nzima na zaidi. Nitaeleza yale yaliyokuwa na uzito, si kwa mfuatano wake.

Kopo. Tenofoviri imo pia katika dawa zinazotumiwa na wanaoishi na HIV, na makopo yanafanana. Kwetu Nyanza mlio wa kopo lile mfukoni au kwenye mkoba unajulikana hata na watoto. Mwalimu alipoonekana akinywa dawa ofisini, habari ilifika kwa wakwe zake kabla ya yeye kufika nyumbani. Akaanza kuhamishia vidonge kwenye bahasha, na hata siku alizokuwa anameza, alimeza dawa iliyopigwa na unyevu, kwa sababu kile kifuko kidogo cha kukausha hewa kilibaki ndani ya kopo. Ninaamini si sahihi kumtaka mtu aone fahari ya kutofautishwa na wenye HIV. Jirani yangu mwenye HIV hana aibu ya kubeba. Lakini mwalimu alikuwa anahukumiwa kwa ugonjwa asiokuwa nao, na akijitetea anaonekana mwongo.

Pombe. Tumbo la maji na macho ya njano vina maana moja mtaani, mlevi. Huyu alikuwa ametoa mahubiri dhidi ya chang'aa. Mshiriki mmoja wa kanisa alisema mbele ya watu kwamba wapo wanaokunywa gizani. Baada ya Sabato hiyo hakurudi kwenye kwaya. Katika yote aliyonieleza, hili ndilo lililomfanya atoe machozi.

Mama yake mzazi, akiona mikono imekonda na tumbo limetoka, aliona chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, akamletea manyasi, dawa ya mitishamba ya kuiondoa. Mwalimu aliyanywa kwa heshima ya mama, kwa wiki kadhaa. Sikumlaumu mama. Nilimwomba tu mwalimu ayaache, kwa kuwa dawa za mitishamba tusizojua kipimo chake ni hatari kwa ini lililochoka, na nikaomba ruhusa ya kumweleza mama mwenyewe.

Halafu sahani. Mtu fulani aliwaambia kwamba protini ni sumu kwa ini. Mkewe, kwa upendo, akamwondolea samaki, mayai, maziwa na maharagwe. Akatenga pia kikombe chake, sahani yake na kijiko chake, ili watoto wasiambukizwe. Kwa hiyo kila jioni baba wa nyumba alikaa pembeni na ugali na sukuma isiyo na chumvi, katika vyombo vilivyotiwa alama ya rangi ya kucha, huku watoto wakila samaki aina ya ngege mezani. Alipokuwa akiyasema haya nilifikiri juu ya usiku mia moja za namna hiyo na sikushangaa alihamia chumba cha nje.

Mambo yote mawili hayakuwa na msingi. Homa ya ini ya B haienezwi kwa sahani, kikombe, chakula wala kukumbatiana. Inapita kwenye damu, ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Vitu vya kutenga ni wembe, mswaki na kikata kucha. Na ule ushauri wa zamani wa kumnyima mgonjwa wa sirosisi protini umeachwa. Misuli inamsaidia kuondoa amonia. Ukimkondesha, unaharakisha kile unachokiogopa. Anahitaji protini ya kutosha, gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kitu kidogo cha kula kabla ya kulala ili mwili usile misuli usiku. Kinachopunguzwa kwa sababu ya maji tumboni ni chumvi.

La mwisho lilikuwa hatia. Alidhani ameambukizwa na dhambi ya ujana, moja aliyoikumbuka kabla ya ndoa, na kwamba sasa Mungu anamlipa. Mkewe naye alikuwa na hesabu zake kimoyomoyo. Nilimweleza hivi: mtu mzima akipata virusi vya B, zaidi ya asilimia 95 huvishinda na kupona bila hata kujua. Mtoto mchanga au mdogo akivipata, karibu asilimia 95 hubaki navyo. Kwa hiyo mtu wa makamo mwenye homa ya ini sugu, kwa uwezekano mkubwa, aliipata kabla hajajua kusoma. Chanjo ya homa ya ini ya B iliingia katika chanjo za watoto wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000; watoto wake wanayo, yeye alizaliwa mapema mno. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa hii ikiwa sugu. Baadaye kaka yake mkubwa alikubali kupimwa, naye akakutwa nayo. Mwalimu alipoambiwa hayo alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa mtoto?" Nikamjibu ndiyo, inaelekea ulikuwa mtoto.

Ninatibu watu kwa vidonge kila siku, na ninaviamini. Lakini hakuna kidonge nilichowahi kutoa kilichofanya kazi haraka kama ile hesabu ya 95 na 5.

Tulichofanya

Usalama kwanza. Kwa ruhusa yake, mkewe aliingia, akaambiwa habari ya bahasha. Alilia, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama nitayaandika hayo kwenye faili, maana aliogopa polisi. Woga wake una historia: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilimhakikishia kwamba kuwaza kufa ni dalili, na dalili huandikwa ili itibiwe. Tulikubaliana dawa zikae kwake, arudi chumba cha ndani, na wote wawili wawe na namba ya 1199 ya Msalaba Mwekundu ambayo haitozwi pesa. Dawa za kuulia wadudu wa mpunga zilihamishiwa kwa shemeji. Kwa familia za Ahero hilo la mwisho siliachi kamwe.

Tenofoviri ilianzishwa upya ndani ya kopo lake, kopo likakaa nyumbani kabatini, kwa kuwa kidonge kimoja kwa siku hakina haja ya kusafiri kwenda shuleni. Vipimo vya ini vilirudiwa kuangalia kama virusi vimeibuka. Laktulosi ilikuwa na tatizo ambalo vitabu havilitaji: mwalimu wa watoto 60 hawezi kutoka darasani mara tatu kabla ya saa nne, na choo cha walimu kiko mwisho wa uwanja. Tulipanga dozi kubwa aimeze jioni, ya asubuhi iwe ndogo. Choo kikienda mara mbili tatu, inatosha.

Dawa ya sonona haikuanza siku hiyo. Kwanza nilitaka ubongo utulie mwezi mzima bila kuvurugika tena. Kisha kuna hesabu ya damu: dawa za jamii ya sertralini na fluoksetini huongeza kidogo uwezekano wa kutokwa damu, na huyu ana mishipa ya umio. Mishipa ilikuwa imefungwa na kukaguliwa, hilo likatupa nafasi. Fluoksetini ndiyo inayopatikana kwa urahisi, lakini hukaa mwilini siku nyingi, na ini lenye makovu huiongezea siku. Amitriptilini, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu inaleta usingizi, inafunga choo na kulewesha; kwa mwalimu ingekuwa ni kumrudisha pale pale tulipomtoa. Duloksetini haifai kabisa kwa ini la namna hii. Daktari wa magonjwa ya akili mjini alichagua sertralini, akaanza na miligramu 25, akaomba tumwone baada ya wiki mbili. Propranololi tuliiangalia pia, maana inaweza kumchosha mtu. Tulipunguza dozi kidogo bila kuiondoa.

Mazungumzo yalianza kabla ya kidonge. Mshauri nasaha wetu amefunzwa mbinu fupi ya vikao vitano iitwayo PM+, iliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani na kufanyiwa majaribio Nairobi kwa kutumia wahudumu wa kawaida wasio wataalamu wa akili. Haihitaji kochi wala chumba maalumu. Mgonjwa anachagua tatizo moja linaloweza kutatuliwa, anajifunza kupumua na kutuliza mwili, anarudisha kidogo kidogo shughuli alizoziacha, na anatafuta watu wa kumsaidia. Mwalimu hakuchagua ugonjwa. Alichagua sahani. Kikao cha pili kilifanyika nyumbani, mshauri akiwa na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, na mama mzazi akaalikwa. Vyombo vya alama vilirudishwa kabatini na mkewe akapika ngege kwa ndimu na dania badala ya chumvi. Mshauri aliniambia mama mzazi ndiye aliyekula naye sahani moja, mbele ya wote.

Mke alipimwa, hana virusi, akaanza chanjo ya dozi tatu. Watoto walipimwa pia.

Alipo sasa

Miezi minne imepita. PHQ-9 iko 8, na alama nyingi kati ya hizo ni uchovu na usingizi, ambazo ninaziamini kuwa za ini. Manne yale ya kando yamebaki na alama 2. Sonona haijaisha, bado kuna asubuhi ambazo hasemi na mtu. Amevurugika akili mara moja tangu hapo, wakati wa kuhara kulikomkausha maji, na mkewe ndiye aliyegundua kwa kumwomba aandike jina lake. Walikuja siku hiyo hiyo.

Sasa katika kliniki yetu kila mgonjwa wa sirosisi huulizwa mambo matatu kabla ya kuandikiwa dawa: usiku unalala vipi na choo kikoje, nitajie wanyama, na katika wiki mbili hizi, umekosa raha au umejiona huna faida? Inachukua kama dakika nne. Likijibiwa la mwisho kwa ndiyo, tunajaza PHQ-9 yote na kuomba kuona dawa zake, ziwe kwenye kopo au popote zilipo.

Kwaya hajarudi. Mchungaji alikwenda kumtembelea, na mwalimu akamruhusu aeleze kanisani, bila kutaja jina, kwamba homa ya ini si ugonjwa wa walevi. Kinachobaki ni shule. Mwalimu mkuu anajua tu kwamba alilazwa. Mwalimu angependa apewe vipindi vichache vya mchana, lakini kuomba kutamlazimu kutaja ugonjwa, na hana hakika kama habari itaishia ofisini. Mkewe anataka aseme, shemeji anataka anyamaze. Nimemwandikia barua inayoomba nafuu ya kazi bila kutaja jina la ugonjwa, ameiweka nyumbani, na tutaizungumza tena mwezi ujao atakapokuja kwa picha yake ya ini ya kila miezi sita.